Mungu Msimsingizie

Sisi watu wa viti vya nyuma msibani tuna dukuduku, na leo tumeamua kulitoa. Kwanza ieleweke kwamba hatuna ugomvi na Mungu. Tukipata habari ya msiba tunasema yale tuliyofundishwa na wazee, Muislamu kwa lake na Mkristo kwa lake, na tunayasema kwa moyo. Ugomvi wetu ni na mgeni rasmi. Yule anayefika saa tisa wakati jeneza limesubiri tangu saa sita, akakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa, akawekewa chupa ya maji, akapewa kipaza sauti, kisha akatuambia kwamba haya ni mapenzi ya Mungu, tuyapokee, tusinyoosheane vidole, tuwe wamoja katika kipindi hiki kigumu. Bahasha ya rambirambi inatajwa kiasi chake hadharani, mshereheshaji anasahau yuko wapi anaomba makofi, na msafara unaondoka ukitumwagia vumbi kwenye masufuria.

Nani aliyemwambia? Kaburi halijafukiwa, mkaguzi hajafika, chombo bado kiko chini ya maji, lakini yeye ameshajua Mungu alikuwa anataka nini. Manabii walifunga, wakapanda milima, wakahangaika majangwani ndipo wakafunuliwa jambo. Mheshimiwa anafunuliwa ndani ya gari, njiani anakuja.

Chukua Kariakoo, maana wengi wetu ndiko tunakochumia. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi watu wakiwa kwenye biashara zao, jengo la ghorofa nne pale kwenye kona ya Mchikichi na Congo lilishuka. Wa kwanza kuingia kwenye kifusi walikuwa walewale wa siku zote: machinga, wabeba mizigo, vijana wa bodaboda, wengine na nyundo, wengine mikono mitupu. Chini kulikuwa na watu wazima kabisa, wanazungumza. Walipitishiwa maji na glukosi kwenye matundu, na ndugu zao wamesimama barabarani wameshika simu wakisubiri iite tena. Waliotolewa hai walizidi 80. Tuliozika walikuwa karibu 30. Wafanyabiashara wa jirani walieleza kwamba chini ya jengo kulikuwa kunachimbwa, nafasi ya maduka inatafutwa ardhini baada ya kuisha juu. Basi tunauliza kwa adabu zote: shimo lile lilichimbwa na malaika?

Rais aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe na kamati ikaundwa, na hilo tunalisema kwa sababu ni haki lisemwe. Lakini sisi tuna kumbukumbu mbaya, haitoki. Tulikumbuka Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, Mtaa wa Indira Gandhi, jengo la ghorofa 16 likiwa bado linajengwa. Walikufa watu 36. Ilielezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa kumi. Zile sita za ziada hazikuteremka kutoka mbinguni. Zilipandishwa kwa zege, ndoo kwa ndoo, mwezi baada ya mwezi, katikati ya jiji, na wenye mihuri wakipita chini yake kwenda kula chakula cha mchana. Siku ya mazishi tuliambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli haina. Ile ya mkandarasi je?

Wanaosoma Luka sura ya 13 wanajua habari ya mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18 Yerusalemu. Yesu aliutaja mwenyewe, akakataa katakata kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa mji ule. Hakusema popote kwamba Baba yake ndiye aliyeuangusha. Waliobaki aliwaambia watubu. Na toba, jinsi tulivyofundishwa kwenye mafundisho ya kipaimara, huanza kwa mtu kutaja kosa lake kwa mdomo wake. Hapo ndipo tunapoomba mahubiri yaanzie siku jengo likianguka, lakini mahubiri hayaanzii hapo hata siku moja.

Kuna hili pia la Ayubu. Ile kauli yake ya kutoa na kutwaa inachapwa kwenye kila karatasi ya ratiba ya mazishi, na hakuna anayekumbusha aliisema nani na lini. Aliisema baba aliyefiwa na watoto kumi kwa mpigo, upepo umepiga nyumba ikawaangukia wakiwa mezani. Aliisema yeye mfiwa, amenyoa kichwa, yuko chini. Hakusemewa na aliyejenga nyumba. Halafu wakaja rafiki zake watatu, wakakaa naye mavumbini siku saba bila kusema neno, na kama wangeishia hapo wangekuwa mfano wa waombolezaji wote duniani. Waliponyanyua midomo wakaanza kumfafanulia Mungu anakusudia nini, ndipo walipoharibu. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, wale waliomtetea, na kusema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Ayubu, mtu aliyenung'unika sura kwa sura mpaka akaomba ashitakiane na Mwenyezi Mungu uso kwa uso. Kwa hiyo manung'uniko yetu haya yana ubatizo wake. Msitutishe.

Kwa upande wa Waislamu, tunajua kuamini kadari ni nguzo ya imani, ya heri na ya shari. Hatuipingi. Lakini shehe anayetufundisha kadari ndiye huyohuyo anayetufundisha habari ya bedui aliyemwacha ngamia wake huru akidai anamtegemea Mungu, Mtume akamwambia amfunge kwanza, kutegemea kuje baadaye. Ndiye anayetusimulia Khalifa Omar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba kuna tauni, akageuza msafara. Abu Ubaida akamuuliza, je, unaikimbia kadari ya Mungu? Omar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Hebu mtafutieni jibu hilo nafasi kwenye ofisi ya bandari. Kapteni aliyekataa kung'oa nanga kwa sababu watu wamezidi naye yumo ndani ya kadari. Karani aliyefunga dirisha la tiketi naye yumo. Mbona kadari inaitwa tu baada ya kuzama?

Kuzama tunakujua sisi. Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ikitokea Bukoba na Kemondo ilipinduka ziwani ikiwa karibu kufika Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430. Ilikaa kichwa chini inaelea, na ndani watu wako hai kwenye hewa iliyobaki. Tumbo la meli likatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka kupitia tundu lilelile, meli ikaenda chini. Wazee wa Mwanza wakisimulia hapo hunyamaza, wanaangalia pembeni. Mpaka leo ukiuliza walikufa wangapi, mmoja atakwambia 800, mwingine atakwambia 1,000, kwa sababu daraja la tatu halikuwa na orodha. Ukienda makaburi ya Igoma kuna watu wamelala pamoja ambao hakuna daftari lolote linalowataja. Mungu, tunaamini, anawajua kwa majina. Ambaye hakuwajua ni aliyewakatia tiketi.

Ungedhani somo lile lilitosha. Mwaka 2011, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, meli ya Spice Islander ikatoka Unguja kwenda Pemba na haikufika. Maiti zilizopatikana zilikuwa mia mbili na ushei, na waliopotea kila mtu ana hesabu yake. Julai mwaka uliofuata ikazama meli nyingine, Skagit. Tukarudi ziwani tarehe 20 Septemba 2018.

MV Nyerere ilikuwa ikivuka kutoka Bugolora kwenda Ukara, Ukerewe. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio, watu wanarudi nyumbani na walivyonunua: mahindi, sukari, saruji, magodoro. Kivuko kilipewa kibali cha watu 101. Kilipokaribia gati la Ukara kikalala upande, kikapinduka, na walioko ufukweni wakaona. Walikufa watu 228. Walionusurika walikuwa 41. Jumlisha mwenyewe, halafu utuambie Mungu alihusika wapi kwenye hesabu hiyo. Rais Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, na katika hotuba hiyohiyo akasema nahodha hakuwemo ndani, usukani alikuwa ameachiwa mtu asiye na mafunzo, na akaagiza waliohusika wakamatwe. Bodi zikavunjwa. Tunalitaja hili kwa makusudi. Kosa lilitajwa siku moja baada ya ajali, na sala zetu hazikuharibika. Makaburi yalichimbwa Ukara, mapadri, wachungaji na mashehe wakasimama upande mmoja, watu wakalia wakamwita Mungu. Hakuna imani iliyoanguka kwa sababu mtu mmoja alisema kivuko kilijazwa.

Siku ya tatu wazamiaji wakamtoa fundi mitambo akiwa hai, ameishi kwenye hewa ndogo iliyobaki ndani ya kivuko kilichopinduka. Ukara yote ilipiga kelele za sifa. Hapo nasi tulisema Mungu ni mkubwa, na tutaendelea kusema. Lakini tuliona pia kwamba ukubwa wake ulifika ukiwa umevaa mtungi wa hewa, umeshuka majini mara kwa mara wakati wengine walishahesabu waliobaki kuwa maiti. Ndivyo ilivyokuwa tena Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyobeba watu 43 ilipoingia ziwani. Wavuvi ndio waliofika wa kwanza na mitumbwi yao, na ikaelezwa kwamba kijana mmoja alivunja mlango kwa kasia. Watu 24 wakatoka, 19 wakafa. Mgeni rasmi mmoja akisimama leo aseme kasia lile lilikuwa mapenzi ya Mungu, tutampigia makofi wenyewe, hata kama ni msibani.

Tatizo letu ni kwamba mapenzi ya Mungu hayagawiwi sawa. Tumechunguza. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia na madumu kuchota petroli, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Wiki ile neno la kwanza tulilolisikia lilikuwa tamaa. Redioni tamaa, kwenye daladala tamaa, hata mezani kwetu tulisema tamaa, tusijifanye wema. Mungu alitajwa kwa sauti ya chini. Maskini akifa kwa kosa la maskini, kosa lina jina, lina anuani, linahubiriwa wiki nzima. Akifa kwa kosa la mwenye kibali, kosa linapanda mbinguni na kule halifuatiliwi.

Mkubwa naye akiugua, hatusikii habari za kupokea mapenzi ya Mungu. Tunasikia habari za ndege. Anapelekwa India, anapelekwa Afrika Kusini, madaktari wanahojiwa kila saa, kipimo kinarudiwa mara mbili. Hatumwonei wivu, mgonjwa ni mgonjwa na kila mtu ana mama yake. Tunachosema ni kwamba yeye haachiwi kufa kwa imani. Sisi ndio tunaoachiwa, tena bila dripu.

Tuna mama mmoja mtaani kwetu aliyezika binti yake. Binti alijifungua salama, mtoto analia, bibi anamshika, kisha damu ikaanza kutoka isikome. Kituo hakikuwa na akiba ya damu. Gari la wagonjwa lilikuwepo limeegeshwa, linasubiri mafuta, na dereva anasubiri aliyeshika funguo za mafuta. Walipopata teksi na kumfikisha kwenye hospitali kubwa, kulikuwa kumeshakucha na binti ameshakwenda. Siku ya pili ya msiba, mwanamke mmoja wa jumuiya, mtu mwema kabisa aliyekuwa amekesha akipika, akamwinamia yule mama pale mkekani akamwambia, "Mama, nyamaza, Mungu alimpenda zaidi." Yule mama akainua uso. "Na mimi nilimpenda, mwanangu. Damu ndiyo haikuwepo." Wote tuliokuwa chumbani tukanyamaza. Mwanamke yule wa jumuiya akavua viatu, akakaa chini kando yake, akamshika mkono, na hakusema tena neno mpaka magharibi. Tangu hapo tumemheshimu zaidi kuliko wahubiri kumi.

Na hili la wazazi ndilo linalotupa ujasiri wa kunung'unika, maana lina takwimu za serikali yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikuwa wanakufa wanawake 556. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Turudie polepole: kutoka 556 mpaka 104, ndani ya miaka isiyofika kumi. Vituo vya afya vilivyokuwa vinatoa panado tu vikajengewa vyumba vya upasuaji. Ukawekwa mfumo wa m-mama, simu ikipigwa hata dereva wa kawaida aliyeandikishwa anamchukua mzazi na kumkimbiza. Jambo jema, tunalipongeza, na walioongoza kazi hiyo wapongezwe. Lakini sasa tuna swali kwa mchungaji, na kwa shehe, na kwa mheshimiwa. Wale 452 wa tofauti, waliokuwa wanakufa tukiambiwa siku zao zimefika, siku zao zilisogezwa na nani? Mungu alibadili mapenzi yake mwaka wa bajeti? Au tangu mwanzo alikuwa anataka waishi, ila chumba cha upasuaji hakikuwepo?

Sisi tunaamini hilo la pili. Ndiyo maana inatuuma kukumbuka misiba yote ya nyuma tuliyoipokea kwa kuinamisha vichwa. Shangazi zetu, dada zetu, mama wa rafiki zetu wa shuleni. Tulisema amina. Wazee wetu hawakuwa wajinga kusema vile; hawakuwa na mtu wa kumuuliza, na mtu asiye na wa kumuuliza humwachia Mungu. Ila kumwachia Mungu kwa sababu huna pengine pa kwenda hakuna uhusiano na kuambiwa umwachie Mungu na yule uliyekuwa unakwenda kumuuliza.

Wahubiri nao wasidhani tumewasahau. Kuna aina inayosema kila ugonjwa ni imani haba, ukipona sifa ni za mtumishi, ukifa ni mapenzi ya Mungu, yaani kwa vyovyote vile mtumishi hashindwi. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwenye ibada uwanjani wakikanyagana kukimbilia mafuta ya upako. Walikwenda kutafuta uponyaji, wengine wakiwa na watoto. Ng'ambo ya mpaka, msitu wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kwamba Mungu anataka wafunge mpaka wafe wakutane naye. Watoto wamo. Mtu akikuambia anajua Mungu anataka nini kwako, na anachotaka Mungu huyo ni wewe uteseke na yeye apate, ondoka uende nyumbani ukale.

Wenzetu wengine wanatuambia tunakufuru. Tukilia sana tunakufuru, tukiuliza tunakufuru. Ayubu tumeshamtaja. Basi tuongeze kwamba Nabii Yakubu alimlilia Yusufu mpaka macho yakawa meupe, na hakuna aliyemvua unabii. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro akiwa anajua atamfufua baada ya dakika chache. Mtume Muhammad alilia alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim. Siku hiyohiyo jua likapatwa, watu wakaanza kusema mbingu zimeomboleza kwa ajili ya mtoto wa Mtume. Baba mwingine angeacha uvumi ule uendelee, unapendeza. Yeye akasimama akaukanusha, akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu yeyote. Alikuwa na msiba ndani ya nyumba, machozi hayajakauka, na bado hakukubali Mungu asingiziwe hata jambo la kumpamba mwanawe. Nasi tunaletewa watu wanaomsingizia Mungu mambo ya nondo pungufu.

Hatutaki mtu afikiri tunadharau faraja. Yupo bibi katika kila mtaa, yule anayefika msibani kabla ya turubai, kanga mbili, ndoo yake ya kuteka maji, na anaondoka tanga likianuliwa. Yeye akikaa karibu na mfiwa usiku wa manane akasema kazi ya Mungu haina makosa, neno lile linaingia moyoni linakaa. Amezika watoto wake watatu. Hajasaini kibali chochote. Hana cha kukinga kwa neno lile. Akilisema, analisema kama mtu anayekugawia blanketi alilojifunika mwenyewe. Huyo tumwacheni aseme, na tukiwa na nguvu tutamwitikia amina, na tukiwa hatuna ataitikia kwa niaba yetu.

Na ipo misiba ambayo hata sisi wenye midomo tuliinyamazia. Desemba 3, 2023, mlima Hanang ulimomonyoka, matope na magogo yakashuka hadi Katesh alfajiri, watu zaidi ya 80 wakafa, wengine wakiwa bado kitandani. Ilielezwa kwamba mwamba laini ulilewa maji ya mvua. Mlima haukuomba kibali kwa mtu. Tulichangishana unga na nguo, tukapakia malori, tukasema Mungu anajua, na hatukuona mtu wa kumkasirikia. Mfiwa wa Katesh ana maswali kwa Mungu ambayo sisi hatuna majibu yake, wala hatutajaribu kuyajibu. Baba aliyeamka akakuta nyumba haipo na watoto hawapo, akimuuliza Mungu kwa nini, ana haki ya kukaa na swali hilo miaka yote bila mtu kumletea jibu la haraka. Mlima ni mlima. Kibali cha ghorofa ni karatasi, ina tarehe na sahihi.

Tunajua tutakachoambiwa: msiba si mahali pa siasa. Tunakubali. Basi siasa msizilete. Hotuba ya kutuomba tukae kimya ni siasa kuliko swali la mama anayetaka kujua mwanawe alikufaje. Mtu anayetafuta ukweli wa kifo cha ndugu yake anafanya ibada, kama anayeosha maiti anavyofanya ibada. Mwili tunauosha, tunaufunga sanda au tunauvisha suti, tunauombea. Kwa nini iwe makosa kuuliza kilichoufanya ulale pale?

Kwa hiyo waheshimiwa, na ninyi viongozi wetu wa dini mnaopewa kipaza sauti kabla yao, ombi letu ni dogo. Mkija msibani kwetu kwa jambo lililofanywa na watu, semeni poleni. Kisha semeni nani alitakiwa kukagua, kama alikagua, na lini tutasomewa ripoti, tena isomwe hapahapa mtaani kwa Kiswahili tunachokielewa, na si miaka mitatu baadaye tukiwa tumeshazika wengine. Kama hamjui bado, semeni hamjui, tutawaheshimu. Kama kuna aliyekula rushwa, mtajeni mahakamani. Bahasha acheni au msiache, sisi tumeshachangishana, daftari lipo kwa mweka hazina. Habari ya mapenzi ya Mungu tuachieni wafiwa tuongee naye wenyewe. Yeye anatujua, na hatuhitaji mkalimani aliyekuwa zamu siku chombo kilipojazwa.